Nyumba Iliyowahi Kutumiwa kwa Dawa za Kulevya: Mwongozo kwa Familia Zinazopanga au Kununua Makazi Riyadh na Jeddah

Nyumba huhifadhi masalio ya yaliyotendeka ndani yake. Moshi wa ubani hubaki darini, harufu ya mafuta ya kupikia hubaki katika mapazia, na nikotini ya sigara huganda ukutani muda mrefu baada ya mvutaji kuhama. Ndivyo ilivyo kwa dawa za kulevya. Mahali zilipovutwa, zilipofungwa au zilipopikwa, sehemu yake huweza kubaki katika rangi, mazulia, magodoro na viyoyozi, na familia inayoingia baadaye ikakutana nayo bila kuiona. Kijarida hiki kinaeleza hatari hiyo ni ipi, inatambuliwaje, na hatua gani zichukuliwe kabla na baada ya kutia saini mkataba.

Kwa nini jambo hili linazihusu familia za wageni

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili mjini Riyadh na Jeddah hupanga. Kununua nyumba kulikuwa jambo la wachache: sheria ya mwaka 2000 ilimruhusu mgeni mwenye ukaazi kumiliki nyumba ya kuishi yeye mwenyewe, kwa kibali maalumu. Sheria mpya ya umiliki wa wageni, iliyoidhinishwa Julai 2025 na kuanza kutumika Januari 2026, imepanua mlango huo. Kwa mpangaji na mnunuzi, uchunguzi unaotakiwa ni mmoja.

Hasara ya kukosea ni kubwa. Katika miji hii kodi mara nyingi hulipwa kwa nusu mwaka au mwaka mzima kwa pamoja. Familia inayogundua tatizo wiki moja baada ya kuhamia huwa imekwisha kutoa akiba yake yote. Haraka nayo huongeza hatari. Tangu Oktoba 2021, katika kipindi cha takriban mwaka mmoja, mitaa mingi ya zamani ya Jeddah, ikiwamo Ghulail na Petromin, ilibomolewa, na maelfu ya wakazi wakalazimika kutafuta makazi mengine kwa muda mfupi. Anayetafuta nyumba huku siku za kuhama zikihesabika huchukua anachokipata, na hapo ndipo bei nafuu isiyo na maelezo huvutia.

Ikumbukwe pia kwamba jina la mtaa si ushahidi. Nyumba ya kifahari kaskazini mwa Jeddah yaweza kuwa imechafuliwa, na chumba cha mtaa wa hali ya chini kikawa safi kabisa. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Aina tatu za nyumba

Si kila nyumba iliyowahi kuvamiwa na polisi ina hatari sawa. Kuna aina tatu, na kila moja ina namna yake ya kushughulikiwa.

*Ya kwanza ni nyumba iliyotumiwa kuficha au kugawa.* Hii hutokea kwa vidonge vya amfetamini vinavyojulikana kwa jina la Captagon, ambavyo kwa kawaida huingizwa nchini vikiwa vimekwisha kutengenezwa. Mnamo Agosti 2022 karibu vidonge milioni 47 vilikamatwa Riyadh vikiwa vimefichwa ndani ya shehena ya unga wa ngano, baada ya kufuatiliwa hadi ghalani. Katika nyumba ya namna hii kemikali ukutani huwa kidogo au hazipo. Hatari iliyo kubwa zaidi ni mabaki yenyewe: kidonge kilichoanguka nyuma ya kabati au pakiti iliyosahaulika juu ya dari.

*Ya pili ni nyumba iliyotumiwa kuvuta au kujidunga.* Methamfetamini, ambayo Saudi Arabia huitwa shabu, huvutwa kama moshi. Sehemu ya moshi huo hutua juu ya kuta, dari, mapazia na ndani ya kiyoyozi. Kiasi chake hutegemea idadi ya wavutaji na muda waliovuta. Pale walipokuwapo watu wanaojidunga heroini, huweza kubaki sindano.

*Ya tatu ni nyumba iliyopikiwa dawa.* Hii ni nadra kuliko mbili za kwanza, lakini ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Kupika methamfetamini hutumia viyeyushi vinavyowaka upesi, asidi, na kutegemea njia iliyotumika, iodini, fosforasi nyekundu, amonia au zebaki. Mvuke wake huingia ndani kabisa ya plasta, jipsamu na mbao, na taka zake humwagwa katika mabomba, katika shimo la maji taka au uani. Nyumba hiyo haifai kusafishwa na familia kwa ndoo na sabuni.

Nani yumo hatarini zaidi

Mtoto mchanga na mtoto anayetambaa ndio wanaokutana na masalio hayo kwa wingi. Hushika sakafu, hulamba vidole, hulala juu ya zulia, na kwa uzito wao mdogo kiasi kidogo huwa kikubwa kwao. Wengine wanaohitaji uangalifu ni mama mjamzito, mwenye pumu, mzee, na mtu anayeshinda ndani kutwa nzima. Jijini Jeddah, ambako joto na unyevu hufanya madirisha yafungwe na kiyoyozi kifanye kazi usiku na mchana, hewa ileile huzunguka ndani ya vyumba kwa saa nyingi.

Dalili zinazoweza kujitokeza katika nyumba iliyochafuliwa kwa kiasi kikubwa ni macho na koo kuwasha, kikohozi, kuumwa kichwa, kichefuchefu, vipele, kukosa usingizi, na mtoto kuwa mkali au asiyetulia kuliko kawaida yake. Watafiti wa Australia walipopima nywele za watu walioishi katika nyumba zilizochafuliwa, walikuta dawa hiyo hata katika nywele za watoto ambao hawakuwahi kuitumia wala kuiona.

Dalili hizi zina sababu nyingine nyingi: ukungu wa ukutani, kiyoyozi kisichosafishwa, vumbi la jangwani, au hewa mbaya itokanayo na mkaa wa kufukizia udi katika chumba kilichofungwa. Alama yenye maana zaidi ni mwenendo wake. Dalili zinazopungua mtu anapokaa nje ya nyumba kwa siku kadhaa na kurudi anaporejea, tena kwa watu zaidi ya mmoja, zinastahili kuelezwa kwa daktari pamoja na historia ya nyumba.

Kukagua kabla ya kutia saini

Nyumba ikaguliwe mchana, viyoyozi vikiwa vimezimwa na madirisha yakiwa yamefungwa kwa muda, ili harufu iweze kujitokeza. Harufu za kutiliwa shaka ni ile ya viyeyushi kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ya amonia inayofanana na mkojo wa paka, na ya siki kali. Ikiwa udi au ubani mzito umefukizwa muda mfupi kabla ya wageni kufika, ni busara kuomba kurudi siku nyingine. Udi hufunika harufu. Haundoi kilichomo ukutani.

Mambo yafuatayo yaangaliwe:

- madoa ya manjano, ya kahawia au ya zambarau katika kuta na dari, hasa yanayotokeza tena juu ya rangi mpya;
- chumba kimoja tu kilichopakwa rangi upya huku vingine vikiachwa;
- bawaba, vitasa na mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu kuliko umri wa nyumba unavyoruhusu;
- alama za kuungua katika sinki, sakafu au kaunta ya jikoni;
- kengele ya moshi iliyong'olewa au kuzibwa;
- mitungi, mipira ya kupitishia hewa na madumu yasiyo na lebo uani au juu ya paa karibu na tangi la maji;
- udongo au mimea iliyokauka kwa namna isiyo ya kawaida karibu na shimo la maji taka;
- masega ya kiyoyozi yenye utando wa kunata usio vumbi la kawaida.

Alama moja peke yake haithibitishi kitu. Mjini Riyadh watu wengi hubandika karatasi ya fedha madirishani kwa sababu ya jua kali, na Jeddah unyevunyevu wa bahari hula vyuma na kutia madoa kuta. Jambo linalotakiwa kumtia mpangaji mashaka ni alama kadhaa kukutana mahali pamoja bila maelezo yanayoeleweka.

Maswali yana thamani kuliko macho. Bawabu wa jengo, jirani wa mlango wa pili na mwenye duka la chini hujua nani aliishi hapo na aliondokaje. Mpangaji aulize kwa adabu: nyumba imekaa tupu kwa muda gani, kwa nini waliotangulia waliondoka, je, polisi waliwahi kuingia. Mwenye nyumba au dalali aulizwe maswali hayohayo kwa maandishi, japo kwa ujumbe wa simu, ili jibu lake libaki. Mnunuzi anaweza kumwajiri mkaguzi wa majengo, lakini aelewe kuwa ukaguzi wa kawaida huangalia nguzo, umeme na mabomba. Upimaji wa kemikali ni kazi tofauti inayohitaji maabara, na huagizwa kwa jina lake.

Tahadhari bila hofu

Nchi zilizolishughulikia tatizo hili kwa muda mrefu zinatoa fundisho. New Zealand iliweka mwaka 2017 kiwango cha mikrogramu 1.5 za methamfetamini kwa kila sentimita 100 za mraba. Australia hutumia mikrogramu 0.5. Nchini New Zealand viwango vya chini vya namna hii vilifanya wapangaji wengi wa nyumba za serikali watolewe, na biashara ya upimaji na usafishaji ikastawi. Mei 2018 mshauri mkuu wa sayansi wa Waziri Mkuu, Sir Peter Gluckman, alitoa ripoti iliyosema kwamba hapakuwa na ushahidi wa kitabibu kuwa masalio ya uvutaji peke yake humdhuru anayeishi humo baadaye. Alipendekeza usafishaji maalumu uanzie kwenye mikrogramu 15, isipokuwa pale penye dalili za kupikia. Mwaka uleule shirika la nyumba la nchi hiyo liliomba radhi kwa waliotolewa na kuahidi kuwafidia.

Maana yake kwa familia ni hii: nyumba iliyovutiwa shabu mara chache haihitaji kukimbiwa, inahitaji kusafishwa vizuri. Nyumba iliyopikiwa ndiyo inayohitaji kuachwa mpaka wataalamu waishughulikie. Na mtu anayegonga mlango akiuza vipimo na dawa za kunyunyizia kwa bei kubwa asiaminiwe kwa maneno yake tu.

Vitu vilivyoachwa na mkazi wa kabla

Hapa kosa dogo laweza kuleta msiba. Sheria ya Saudi Arabia ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1426 Hijria (2005) ina adhabu nzito: kumiliki hupeleka mtu gerezani, na kusafirisha kwaweza kumpeleka kwenye adhabu ya kifo. Mgeni aliyehukumiwa hufukuzwa nchini. Ieleweke pia kwamba mirungi, ambayo Kenya huuzwa hadharani kwa jina la miraa, ni marufuku Saudi Arabia kama zilivyo hashishi na heroini.

Kwa hiyo familia ikikuta unga, vidonge visivyo na pakiti ya duka la dawa, mizani midogo, bomba za kioo zilizoungua au mafungu ya majani makavu:

1. Isiguse, isinuse, isionje, wala isihamishe kitu kwenda chumba kingine au jalalani.
2. Watoto watolewe nje na mlango ufungwe.
3. Ipigwe simu namba 995, ya Idara Kuu ya Kupambana na Dawa za Kulevya. Taarifa zinazotolewa hupokelewa kwa siri.
4. Mwenye nyumba aarifiwe kwa maandishi siku hiyohiyo, na saa ya simu iandikwe.

Vidonge vya Captagon huwa na alama ya miezi miwili michanga, na kwa mtoto hufanana na peremende. Mtoto aliyemeza kidonge chochote kisichojulikana na ambaye moyo wake unakwenda mbio, ana homa, anatetemeka au hatulii, apelekwe hospitali mara moja au iitwe gari la wagonjwa kwa namba 997. Asilazimishwe kutapika.

Sindano isiokotwe kwa vidole. Ikiwa imemchoma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, lisikamuliwe wala kufyonzwa, na mtu huyo afike hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa mapema, na hazifai kucheleweshwa kupita saa 72; chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo huweza kutolewa baada ya ajali ya namna hii.

Maelekezo haya yanamhusu pia mfanyakazi wa nyumbani au wa kampuni ya usafi anayetumwa kusafisha nyumba tupu. Akikuta vitu hivyo, atoke nje na amweleze aliyemtuma kabla ya kuendelea. Hakuna kazi ya usafi inayomlazimu mtu kushika sindano au kumwaga kemikali asizozijua.

Kusafisha nyumba iliyovutiwa

Kazi hii ifanywe na watu wazima wenye afya. Watoto na mama mjamzito wakae kwingine mpaka iishe.

*Hewa.* Madirisha na milango ifunguliwe kwa muda wa siku nzima kabla ya kuanza, na yaendelee kuwa wazi wakati wa kazi. Kiyoyozi kizimwe, kisije kikasambaza vumbi kutoka chumba kimoja hadi kingine.

*Vitu laini.* Magodoro, makochi ya kitambaa, mito na mazulia ya kubandikwa yaliyoachwa na mkazi wa kabla yaondolewe na yatupwe. Yasiuzwe wala kugawiwa jirani. Mapazia na nguo zinazofulika zifuliwe peke yake zaidi ya mara moja.

*Kuosha.* Msafishaji avae glovu za mpira, nguo za mikono mirefu na barakoa. Dari ioshwe kwanza, kisha kuta, kisha sakafu, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na kusuuzwa kwa maji safi. Maji na kitambaa vibadilishwe mara kwa mara, kwa sababu kitambaa kichafu hurudisha uchafu ukutani. Zoezi lote lirudiwe mara tatu. Makabati yaoshwe ndani na nje.

*Dawa za usafi.* Jiki, ambayo madukani Saudi Arabia hupatikana kwa jina la Clorox, isitumike kwa kazi hii. Ikikutana na asidi ya kusafishia choo au na amonia hutoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu, na masalio yaliyomo ukutani hayajulikani. Sabuni ya kawaida inatosha.

*Kiyoyozi.* Fundi akisafishe ndani na nje na abadilishe chujio. Mjini Riyadh, penye kipoza hewa cha maji, majani yake ya kuchuja yatolewe na kuwekwa mapya na tangi lake lioshwe.

*Rangi.* Rangi mpya ipakwe baada ya kuosha, kamwe si badala ya kuosha. Masalio yaliyoachwa chini yake yaweza kupenya taratibu.

Pakiwa na harufu ya kemikali isiyoondoka, madoa yanayorudi, au mabomba yanayotoa mvuke, kazi isimame. Hizo ni dalili za nyumba iliyopikiwa.

Mkataba ndio ngao

Mkataba wa kupanga makazi husajiliwa katika jukwaa la serikali la Ejar. Mkataba usiosajiliwa humo hauna nguvu mbele ya mahakama, na anayepanga chumba au kitanda kwa mpangaji mwenzake bila maandishi hana pa kuanzia anapodai haki yake. Tena, vitu haramu vikikutwa chumbani, huwa vigumu kwake kuonyesha tarehe aliyoingia.

Ejar ina fomu ya kupokea na kukabidhi nyumba. Ijazwe kwa ukamilifu, si kwa kutia saini tu. Siku ya kupokea funguo, kabla ya mzigo wowote kuingizwa, zipigwe picha za kila chumba, dari, ndani ya makabati, jikoni, bafuni, paa na viyoyozi, na zitumwe kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo. Picha hizo zinathibitisha mambo mawili: hali ya nyumba ilivyokuwa, na kwamba kilichokutwa humo kilitangulia kuwapo.

Mnunuzi aombe kuandikwa katika makubaliano kwamba muuzaji hajui nyumba hiyo kuwahi kutumiwa kupikia, kuhifadhi au kuvutia dawa za kulevya, na kwamba ikidhihirika vinginevyo gharama za kusafisha zitakuwa juu yake. Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kukataa sentensi hiyo, na anayeikataa huwa amekwisha kujibu swali.

Namba za kukumbuka

- 995: Idara Kuu ya Kupambana na Dawa za Kulevya
- 997: gari la wagonjwa, Hilali Nyekundu
- 911: polisi na dharura katika mkoa wa Riyadh na mkoa wa Makka, ambamo Jeddah imo
- 937: Wizara ya Afya, kwa ushauri wa kiafya

Anayepiga ataje kwanza jiji, mtaa na jengo, kisha aeleze kilichotokea. Asiyejua Kiarabu awe na mtu wa kumsaidia karibu, au aandike anwani ya nyumba kwa Kiarabu na kuibandika nyuma ya mlango tangu siku ya kwanza ya kuhamia.